Ngozi Si Kasoro

Katika maduka ya vipodozi ya Jinja na Mbale, miji mikubwa ya mashariki ya Uganda, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuna bidhaa zinazomwahidi mnunuzi kwamba ngozi yake itakuwa nyeupe kuliko alivyozaliwa nayo. Bidhaa hizo huuzwa kwa majina mengi. Yako mafuta ya kung'arisha, ziko sabuni za kutakatisha, ziko losheni za kusawazisha rangi, na uko ule mchanganyiko unaokorogwa kwa siri nyuma ya duka, ambao Waswahili wameupa jina la mkorogo. Majina ni mengi lakini neno linalosemwa ni moja tu: kwamba mwili wa mnunuzi una kasoro, na kwamba kasoro hiyo yaweza kuondolewa kwa fedha.

Neno hilo ni uongo, na ni uongo unaogharimu afya za watu. Katika mazungumzo haya, ndugu wasikilizaji, yataelezwa mambo matatu: kwanza, kazi ya rangi ya ngozi na madhara ya dawa za kuiondoa, pili, asili ya dharau inayowafanya watu wazinunue dawa hizo, na tatu, njia zinazoweza kuikomesha dharau hiyo. Hapana budi ieleweke tangu mwanzo kwamba shabaha si kuwacheka wala kuwakaripia wanawake, na wanaume pia, wanaojichubua. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ana kasoro hana kosa akiitafutia kasoro hiyo dawa. Wa kuulizwa ni yule aliyemwambia, na yule anayepata faida kwa kumwambia.

Jambo la kwanza ni ngozi yenyewe. Jinja iko kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta, mahali ambapo Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria, kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Katika nchi ya namna hii jua la utosini huwaka mwaka mzima. Ngozi ya binadamu ina chembechembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na rangi hiyo huizuia miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, isipenye na kuharibu sehemu za ndani. Miale hiyo ikipenya kwa miaka mingi huizeesha ngozi na huweza kuleta saratani. Kwa hiyo weusi wa Msoga au wa Mgisu si uchafu uliosahauliwa kuoshwa. Ni mwavuli aliopewa bure, na hakuna awezaye kumnyang'anya isipokuwa autupe mwenyewe.

Wanaolijua jambo hili kuliko watu wengine wote ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao wamezaliwa na melanini kidogo mno au bila melanini kabisa. Kwao jua la saa sita si jambo la kawaida bali ni hatari ya kila siku. Huhitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta maalumu ya kukinga jua, na wengi wao hawana uwezo wa kuyanunua mafuta hayo mwezi baada ya mwezi. Mjini Jinja kiko chama cha kuwatetea, kiitwacho Source of the Nile Union of Persons with Albinism, na tangu mwaka 2015 dunia nzima huadhimisha siku yao tarehe 13 Juni, kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2014.

Hebu ifikiriwe hali hii. Katika mji mmoja, na pengine katika duka moja, mama mmoja anatoa fedha ili aondoe kinga aliyozaliwa nayo, na mama mwingine anahangaika kupata fedha za kumnunulia mwanawe kinga ambayo hakuzaliwa nayo. Na wote wawili wamekwisha kuambiwa na watu wa mtaani neno lile lile. Huyu ameambiwa ni mweusi mno, na yule mtoto ameambiwa ni mweupe mno. Ikiwa weusi ni kasoro na weupe nao ni kasoro, basi ni dhahiri kwamba kasoro haimo katika ngozi ya yeyote kati yao. Imo katika macho ya wanaowatazama.

Sasa yatazamwe madhara. Vitu vinavyotiwa katika dawa za kujichubua, na vinavyowatia wasiwasi madaktari, ni hasa vitatu. Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huzuia chembe za ngozi zisitengeneze melanini, na kwa hiyo ngozi hupauka. Lakini zebaki haikai juu ya ngozi. Hupenya ikaingia katika damu, ikaenda kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu. Mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni, na mama anayenyonyesha huweza kumpitishia mtoto katika maziwa. Hata watu wa nyumbani wasioyapaka mafuta hayo huweza kudhurika kwa kushika mataulo na mashuka, na kwa kuvuta hewa yenye mvuke wake.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka mbali. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa na ugonjwa wa figo unaoufanya mwili uvimbe na protini ipotee katika mkojo. Kati ya wagonjwa hao 60, wagonjwa 32, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa tangu habari hiyo itolewe katika mji ulio mwendo wa siku moja tu kwa basi kutoka Mbale. Hakuna mfanyabiashara wa dawa hizi anayeweza kudai kwamba hatari yake ni jambo geni.

Kitu cha pili ni haidrokwinoni, kemikali ambayo wapiga picha wa zamani waliitumia katika kusafisha picha zao. Daktari wa ngozi anaweza kuiagiza kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, naye akimwangalia mgonjwa wake. Lakini inapotiwa kwa wingi katika mafuta ya kupaka kila siku, chini ya jua la Afrika, kazi yake hugeuka. Mwanzoni ngozi hung'aa. Baada ya muda hutokea madoa magumu yenye weusi wa buluu, hasa mashavuni na kuzunguka macho, nayo ni shida sana kuyaondoa. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hiyo baada ya kuwaona wanawake wengi walioharibika nyuso kwa mafuta hayo, na mwaka 1990 nchi hiyo ikayapiga marufuku. Mtu aliyetafuta weupe basi huishia kupata weusi mwingine, usio wake na usio na faida.

Kitu cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi. Hizi ni dawa za kweli, zinazotibu magonjwa ya ngozi yanapotumiwa maagizo ya daktari. Ila zinapopakwa mwili mzima kwa miezi mingi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka michirizi, na kidonda kidogo hukawia kupona. Zikiingia kwa wingi katika damu, huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Tena zikiachwa kwa ghafula, ngozi huwaka na kuwasha, na mtumiaji, kwa kudhani kwamba ni ugonjwa mpya, huzirudia. Hivyo ndivyo biashara hii ilivyo: akiendelea anaumia, na akiacha anaumia. Mteja amefunguliwa mlango wa kuingilia lakini hakuachiwa mlango wa kutokea.

Pengine msikilizaji atauliza: kama madhara ni makubwa kiasi hicho, kwa nini watu hawaachi? Jibu la swali hilo haliko katika duka la vipodozi. Liko katika historia, na liko pia katika maisha ya kila siku.

Mji wa Jinja wenyewe ni kitabu cha kusomea jambo hili. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikajengwa, kikiwamo kiwanda kikubwa cha nguo cha Nyanza Textile, watu walimiminika mjini kutoka kila upande kutafuta kazi. Lakini mji waliouingia ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na sehemu yao yenye bustani, Waasia walikuwa na sehemu yao ya maduka, na wafanyakazi wa Kiafrika walijengewa nyumba zao pembeni, katika mtaa wa Walukuba. Mshahara nao ulifuata ngazi hiyo hiyo. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia kwamba weupe ndio maisha mazuri. Aliliona jambo hilo kwa macho yake kila alipovuka barabara. Bendera ya mkoloni iliteremshwa mwaka 1962, lakini kasumba aliyoiacha haikuteremka pamoja nayo.

Juu ya kasumba hiyo ikajengwa biashara. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1976 ilizuia zebaki isitiwe katika vipodozi vya watu wa huko. Hata hivyo, baadhi ya viwanda vya Ulaya viliendelea kwa miaka mingi kutengeneza sabuni zenye zebaki na kuzileta Afrika. Kilichokuwa sumu kwa ngozi ya mtu wa huko kilihesabiwa kuwa urembo kwa ngozi ya Mwafrika. Huo ni unyonyaji wa waziwazi. Siku hizi bidhaa hizo hutoka katika mabara mbalimbali, na nyingine hutengenezwa papa hapa Afrika, lakini msingi wa biashara ni ule ule. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Bidhaa inayolazimika kwanza kumfanya mtu ajichukie ndipo ainunue, hiyo kweli inajitembeza.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba mzigo wote umeletwa na wageni, wala kwamba mzigo wenyewe ni wa rangi peke yake. Kipimo cha uzuri kimegeuka mara nyingi hapa hapa nchini, na kila kilipogeuka kimewaacha watu wengine nje.

Chukua mfano wa unene na wembamba. Zamani, katika sehemu nyingi za Uganda, unene wa mwanamke ulihesabiwa kuwa ni dalili ya nyumba yenye chakula. Katika miaka ya 1980 ulipoingia ugonjwa wa UKIMWI, wananchi wa Uganda waliuita 'Slim', kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na jina hilo liliingia hata katika maandishi ya madaktari mwaka 1985. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu aliyekuwa mwembamba kwa maumbile yake tu alinong'onwa sokoni na kuogopwa na majirani. Wakati huo huo mashindano ya urembo, ya nchini na ya kimataifa, yalikuwa yakiwavisha taji wasichana wembamba. Kisha mwezi Februari mwaka 2019 Waziri wa Nchi wa Utalii, Bwana Godfrey Kiwanda, akazindua mashindano ya wanawake wenye maumbo manene, kwa maelezo kwamba yatavutia watalii. Wanawake wengi wa Uganda walikasirika, wakasema kwamba mwanamke si mnyama wa mbugani wala si maporomoko ya maji hata awekwe katika orodha ya vivutio. Katika muda wa miaka 40 hivi, mwanamke wa Uganda ameambiwa anenepe, asikonde, akonde, na anenepe tena. Mwili haukubadilika. Kilichobadilika ni maneno ya watu.

Habari ya nywele nayo ni hiyo hiyo. Mwezi Desemba mwaka 2018 msichana wa Kisoga, Quiin Abenakyo, alikwenda katika mashindano ya Mrembo wa Dunia huko Sanya, nchini China, akarudi na taji la Afrika. Busoga yote ilifurahi, na Uganda nzima ikafurahi. Rais Yoweri Museveni alimpokea na kumsifu, lakini akaeleza kwamba jambo moja lilimsumbua, nalo ni kwamba binti huyo alivaa nywele za Kihindi, na akamshauri abaki na nywele zake za Kiafrika.

Wako waliokubaliana na maneno hayo, na wako walioyapinga. Lakini yafaa iulizwe: msichana wa Uganda amefundishwa wapi kuzipenda nywele zake? Katika shule nyingi za nchi hiyo msichana wa Kiafrika hutakiwa kuzikata nywele zake mpaka karibu na ngozi, miaka yote anayosoma. Sababu zinazotolewa ni usafi, usawa na kuokoa muda na fedha, na sababu hizo zina uzito wake. Ila somo linalomwingia mtoto ni kwamba nywele zake, zikiachwa ziote zinavyoota, ni fujo. Akimaliza shule akiwa na miaka 18 au 20 hajui hata namna ya kuzitunza, na muuzaji wa nywele za bandia anamsubiri mlangoni.

Wala amri za serikali peke yake hazikutibu jambo hili. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi, na baadaye nywele za bandia, kwa madai ya kulinda heshima ya Mwafrika. Matokeo yake yalikuwa wanawake kukamatwa na kusumbuliwa mabarabarani. Mwaka 2014 sheria nyingine, iliyopitishwa kwa kusudi la kuzuia picha na mambo machafu, ilieleweka na wahuni kuwa ni ruhusa ya kuwavua nguo wanawake hadharani, mpaka Mahakama ya Katiba ilipofuta baadhi ya vifungu vyake mwezi Agosti mwaka 2021. Katika nyakati zote hizo mwili wa mwanamke ulizungumzwa kama mali ya watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Mtu hawezi kufundishwa kujiheshimu kwa kuvunjiwa heshima.

Basi njia ni ipi? Mfano uko karibu, tena katika mlima ule ule unaoitazama Mbale. Katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Elgon, huko Kapchorwa, wanaishi Wasabiny, ambao kwa vizazi vingi waliwatahiri wasichana wao. Msichana asiyetahiriwa alihesabiwa kuwa hajawa mwanamke kamili. Mwili aliozaliwa nao ulihesabiwa kuwa una kasoro ya kuondolewa kwa kisu. Katika miaka ya 1990 wazee wa Kisabiny wenyewe, kwa chama chao, walikaa wakalitazama jambo hilo, wakasema kwamba mila nzuri zote za kabila zibaki na hiyo ya kuwakata wasichana iachwe. Mwaka 1998 chama hicho cha wazee kilipewa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu. Sheria ya nchi ya kukataza ukeketaji ilikuja mwaka 2010, miaka mingi baada ya wazee kuanza kazi. Desturi hiyo haikwisha kwa siku moja, na matukio yameripotiwa hata baada ya sheria. Lakini msingi umekwisha kuwekwa.

Funzo la Kapchorwa ni kwamba kipimo cha mwili kilichowekwa na jamii kinaweza kuondolewa na jamii. Msichana mmoja peke yake asingeweza. Kumwambia binti wa miaka 16 ajiamini, huku baba yake, shangazi yake, mchumba wake na mwajiri wake wanamwambia kinyume, ni kumtuma akapigane vita peke yake. Wazee walipobadili neno, wasichana walipata mahali pa kusimama.

Kwa upande wa dawa za kujichubua, kazi ya serikali iko wazi. Shirika la Viwango la Uganda limekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Uganda iliuridhia mwaka 2019. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kwa kiasi kidogo, visitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine baada ya mwaka 2025. Sheria basi zipo. Lakini sheria isiyofika kwenye rafu ya duka ni karatasi. Busia na Malaba ni milango mikubwa ya biashara kati ya Kenya na Uganda, na penye biashara kubwa magendo nayo hujipenyeza. Mkaguzi anayepokea rushwa ili katoni moja ipite, hana budi kujua kwamba ameruhusu figo za jirani yake ziharibiwe.

Kazi nyingine ni ya wananchi wenyewe, na haihitaji bajeti. Mtoto hujifunza bei ya ngozi yake nyumbani kabla hajajua kusoma. Pale shangazi anapombeba mtoto mchanga, akaanza kwa kumtazama masikio ili akisie atakuwa mweupe au mweusi, tayari somo limeanza. Pale ndugu wawili wanapoitwa mmoja 'mzungu' na mwingine 'mkaa', hata kama ni kwa mzaha, somo linaendelea. Vijana wa kiume nao wajiulize. Kijana anayetangaza kwamba ataoa mweupe tu, kisha akawacheka wasichana wanaojichubua, anakicheka kidonda alichokitia yeye. Mwajiri anayeweka wasichana weupe mbele ya duka na weusi nyuma katika ghala naye yumo katika biashara hii, ijapokuwa hauzi mafuta.

Siku hizi ameongezeka mwalimu mwingine, naye ni simu ya mkononi. Ziko programu ambazo, mtu anapopiga picha, hulainisha uso, hupunguza pua na kuufifisha weusi kwa nukta moja. Picha hiyo hupelekwa kwa marafiki, nao hupeleka zao zilizotengenezwa vivyo hivyo, na kila mmoja hulinganisha uso wake wa kwenye kioo na nyuso za wenzake ambazo hazipo duniani. Wapiga picha za harusi na za sherehe za utambulisho wa wachumba wanafanya hivyo hivyo, na wengine hudhani kwamba wanamfurahisha bibi arusi. Mtoto atakayeitazama picha ya mama yake baada ya miaka 20 asipomtambua, hiyo haikuwa kumbukumbu.

Kwa yule ambaye tayari anatumia dawa hizi, yako mambo ya kufanya leo. Asome maandishi ya chupa au ya boksi. Akiona maneno 'mercury', 'calomel', 'mercurio' au 'hydroquinone', au akikuta kwamba hakuna orodha yoyote ya vitu vilivyotiwa ndani, asiyapake. Asinunue mchanganyiko usiokuwa na jina la mtengenezaji. Mjamzito na anayenyonyesha waache mara moja dawa yenye zebaki na wamweleze muuguzi bila kuficha. Aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu asiache bila ushauri, bali aende hospitali, kama vile hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, aeleze alichokipaka na kwa muda gani, ili aachishwe kwa utaratibu. Aone haya ya kuumia, asione haya ya kusema. Na wahudumu wa afya nao wampokee kama mgonjwa mwingine yeyote, bila kumcheka, kwani anayechekwa leo hatarudi kesho.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini methali hiyo isigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia mwanamke aliyekwisha kuumizwa. Asili haiachwi na mtu mmoja dukani. Huachwa kidogo kidogo na nyumba nzima, na shule nzima, na mji mzima, kila mara mtoto mweusi anapopitwa ili asifiwe mweupe. Hurudishwa kwa njia hiyo hiyo: mzazi anapomwambia mtoto wake, akiwa bado mdogo na kabla mfanyabiashara hajamfikia, kwamba ngozi yake inamfaa, inamlinda na jua la nchi yake, wala haidaiwi chochote.